Kula Umekaa

Nilikuwa nakula wima, mkono mmoja kwenye usukani wa pikipiki,
wa pili umeshika mkate na sambaza watatu ndani ya gazeti,
na tonge lilishuka kabla ulimi haujaliuliza jina.
Mteja akiita "Nyawera!" mimi nimekwisha kumeza.
Miaka kumi na minne hivyo.
Kisha tumbo likaanza kunijibu:
kiungulia usiku, tindikali kooni,
kitu kama kucha za paka chini ya kifua.

Jayant, muuza vitambaa,
alinikuta siku moja nimejikunja juu ya tangi la mafuta.
Akanipa stuli. Akanieleza Ayurveda, elimu ya bibi zake:
tumboni mna moto,
na chakula hakitupwi humo kama takataka,
kinapangwa, kama kuni.
Na ladha ni sita. Akazihesabu
kwenye mita yake ya mbao, sentimita kumi kumi.
Wakati huo huo alikuwa akitafuna sambusa,
wima, macho kwenye daftari la madeni.
Tukatazamana. Tukacheka.
Akapaliwa.

Mambo ya moto nayafahamu. Nyumbani mbabula ni ya Nsimire,
na nimemwona mara elfu:
ukirundika makala yote kwa pamoja, unauzima;
ukiacha upenyo hewa ipite,
ukapepea kidogo, ukasubiri,
sufuria inaanza kuzungumza yenyewe.
Sikujua kwamba na mimi ni mbabula.

Basi Jumapili nimekaa. Nimenawa mpaka kwenye viwiko.
Nazitafuta zile sita
kama mtu anayetafuta ndugu zake kwenye orodha ukutani.

Chumvi haikujificha: sambaza, wamekauka macho wazi.
Uchachu, ndimu.
Ukali ni pilipili ya jirani yetu Nabintu, isiyojua msamaha.
Utamu nilidhani haupo, kumbe ni bugali!
Bugali wa muhogo, ukiutafuna mpaka mwisho,
unageuka mtamu mdomoni. Miaka yote hiyo
nilikuwa nikiumeza kabla haujaniambia.
Na ukakasi: ndizi mbichi, pera changa,
chai iliyosahauliwa jikoni,
ulimi unavaa gunia.
Halafu chungu. Majani ya mubirizi,
kikombe ambacho mama alinibana pua ili ninywe.
Lugha yetu imeipa ladha hiyo
jina moja na chombo cha kupikia,
kama vile inajua jambo.

Nsimire ananitazama ninavyotafuna, kama ng'ombe.
"Nani alikufundisha kula mbio?"
Anauliza hivi hivi tu, akiondoa mwiba kwenye samaki.

Nilikuwa na miaka tisa.
Chungu kilikuwa bado kinachemka, mtu akaja akasema: inukeni.
Mama alitugawia maharage mabichi kwa viganja,
tukameza tukitembea, tukiungua,
tukashuka kilima pamoja na magodoro na mbuzi za watu.
Hatukurudi kukiepua kile chungu.
Tangu siku hiyo kuna mtu ndani yangu,
kila nikigusa chakula ananiambia, inuka.

Simu inatetemeka mkekani. Mteja wa Kadutu.
Asubiri.
Nahesabu: kumi na nane, kumi na tisa,
napoteza hesabu, naanza upya.

Sijapona, nisikudanganye. Jumatano nilikula viazi vya kukaanga
juu ya pikipiki, kwenye mteremko, kwa gia ya pili,
na usiku paka akarudi na kucha zake zote.
Jayant naye amenunua meza ndogo; ameweka juu yake
marobota ya vitenge.

Lakini leo mvua inapiga bati,
hakuna aliyetuita popote,
na Nsimire anafunua sufuria.
Maharage yameiva.
Yanavunjika kwa ulimi tu, bila jino.